Naomba riwaya za siasa na mapenzi ya jinsia moja

SWALI: Habari za kazi dada. Mi riwaya za siasa ndo ugonjwa wangu, madikteta, mapinduzi, wafungwa. Sasa natafuta ambazo mhusika anapenda mtu wa jinsia yake na siasa za nchi zinamgusa kweli, maana nyingi nilizopata ni mapenzi tu mwanzo mwisho. Kiingereza nasoma. Nianze na ipi? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Anza na Kiss of the Spider Woman ya Manuel Puig, Muargentina, ilitoka 1976 kwa Kihispania na serikali ya kijeshi ya kwao ikaipiga marufuku. Wanaume wawili wako selo moja Buenos Aires, Valentín ni mwanamapinduzi, Molina ni mpambaji wa madirisha ya maduka anayependa wanaume, na usiku anamsimulia mwenzake filamu ili muda uende. Karibu kitabu chote ni maongezi, hata "alisema" hamna, mwanzoni utajiuliza nani anaongea lakini vumilia, sauti zao utazizoea.

Siasa humo imeingia mpaka kwenye sahani. Wakuu wa gereza wanatia sumu kwenye chakula ili Valentín adhoofike, na Molina wamemuahidi kumtoa akimchimba mwenzake aseme siri za kundi lake. Kuna mahali Molina anamtajia mkuu wa gereza vitu vya kununua, kuku wa kuchoma na vitamuvitamu vingine, ili akirudi navyo selo ionekane mama yake kaja kumtembelea. Na huyohuyo Molina ndo anamsafisha Valentín akiharisha mpaka anajichafua, bila kinyaa! Sijasoma riwaya nyingine inayoonyesha hivi jinsi dola inavyomshika mtu palepale anapopenda.

Ukitaka Afrika, chukua Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, 2015. Ni wakati wa vita vya Biafra, vile vya wenyewe kwa wenyewe Nigeria, Ijeoma ni Mwigbo, anampenda Amina ambaye ni Mhausa, yaani msichana mwenzake na tena wa upande unaopigana na kwao, wakifumaniwa mama anamkalisha chini na Biblia, somo baada ya somo. Hizo kurasa zinauma sana, na mama mwenyewe hajachorwa kama shetani, ni mjane mwenye hofu. Mwishoni mwandishi anaitaja sheria ya Nigeria ya 2014 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja.

The Line of Beauty ya Alan Hollinghurst, iliyopata tuzo ya Booker 2004, ni London ya enzi za waziri mkuu Thatcher na ukimwi, kijana anaishi nyumbani kwa mbunge wa Conservative, chama cha Thatcher. Nzuri ila inaenda taratibu, iache ya mwisho.

Na kama muda huna, Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda ni hadithi fupi tu, ilishinda Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za Kiafrika, 2007, ndo iliyozaa filamu ya Rafiki iliyofungiwa Kenya 2018. Unaimaliza kwa kikao kimoja.