Mnaoanza kushika zamu ya Neno ibada ya vijana, iacheni Leicester ipumzike

Bwana Yesu asifiwe wadogo zangu. Jumapili nimekaa benchi la nyuma kabisa namsikiliza mdogo wetu mmoja (simtaji, anajijua, na suti ilimkaa vizuri) anafungua Neno, Ebrania 12, kupiga mbio kwa saburi, nikasema safi leo tunalishwa. Dakika ya tatu tuko Uingereza. Dakika ya tano "mwambie jirani yako Mungu wako anapindua meza!" Yani kila anayepewa zamu mara ya kwanza lazima atuletee Leicester City, ile timu ndogo ya mpira ya Uingereza iliyobeba ubingwa wa ligi bila kutarajiwa, na najua ilikotoka, mimi ndo niliileta kanisani hapa 2016. Kwa hiyo nivumilieni, nasema kama mwenye kosa.

1. Ijue stori yote kabla hujashika maiki. Ubingwa wa Mei 2016 kila mtu anaujua. Ila Krismasi ya 2014 walikua mkiani, wa mwisho kabisa, wakaponea kushuka daraja kwa kushinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho, na hakuna aliyewapa kombe kwa hilo. Mi naona Neno liko hapo. Halafu kocha Ranieri akafukuzwa Februari 2017, hata mwaka haujaisha, na 2023 timu ikashuka. Tuna mzee wa kanisa anafuatilia mpira kuliko nyie wote, nilivyorudia ile stori 2023 alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza taratibu, "mwalimu, na walivyoshuka ni Mungu pia?" Nikacheka cheka nikamwambia mzee foleni inasubiri.

2. Odds, yani hesabu za kubeti, usizitaje. Nilisema walipewa 5,000 kwa 1, nikaona vijana wanaandika kwenye notibuku nikajua wameguswa. Jioni mmoja ananirushia mkeka wake wa kubeti WhatsApp, timu dhaifu kumi na mbili zote kazipa ushindi "kwa imani". Ulichanika mechi ya kwanza.

3. Simba na Yanga msiguse. Nusu ya kanisa itakununia na mchungaji ana upande wake.

4. Angalia nani kakaa mbele yako. Hii ndo imenifanya niandike.

Mwaka ule ule wa 2016 kwenye jumuiya yetu kulikua na mama anaumwa saratani, yule mama ambaye kila mkesha chai ya tangawizi ilikua yake. Zamu ya kwenda kumfanyia maombi nyumbani ikaniangukia, nikaenda na Leicester yangu ya moto kabisa. Mama wamemlaza kwenye kochi sebuleni maana chumbani joto, kitenge miguuni, binti yake wa form three kakaa chini pembeni kashika beseni. Chumba kidogo, watu kumi na kitu, na mimi nikasimama katikati nikaanza kuhubiri kama niko uwanja wa taifa. "Mama, refa hajapuliza kipenga! Madaktari wamekufunga mbili bila, lakini dakika ya tisini Yesu anaingia sub!" Watu amina, amina, mmoja akaanzisha pambio. Nikapigilia msumari kwa Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote, bila hata kugusa mstari wa 12 ambapo Paulo anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mama akaniangalia, akatabasamu, akasema "asante mwanangu, umetoka jasho, jamani mpeni soda." Nikapewa Fanta. Nikainywa yote. Nimetoka pale najiona mhubiri wa kimataifa.

Wiki tatu mbele tukazika.

Siku ya kuanua tanga nikamkuta yule binti nyuma ya nyumba anaosha vyombo vya watu wote, nikamsogelea nimpe pole, hata kichwa hakuinua, akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo mama alifungwa?"

Sikumwelewa mara moja. Nilidhani anauliza habari za sanda au jeneza, sijui akili ilienda wapi. Halafu ikaniingia. Mimi ndo niliyemwambia huyu mtoto kuwa ugonjwa wa mama yake ni mechi, na upande wa Yesu ni ule unaopindua meza, sasa meza haikupinduka na kipenga kimepulizwa, atahesabu vipi? Ama mama hakuwa na imani ya kutosha, ama Yesu hakuingia. Nimempa hesabu yenye majibu mawili na yote ni sumu, na wakati nampa nilikua nafikiria sauti yangu inavyosikika. Nikajibu ujinga fulani wa mipango ya Mungu, hata mwenyewe nikausikia ulivyo mwepesi, nikachukua sufuria la pilau lililoungua chini nikaanza kusugua. Yeye anasuuza mi nasugua. Tumemaliza vyombo vyote hajaongea, sijaongea. Usiku nikafungua Ayubu 2:13, wale rafiki zake walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, walikuja kuharibu walipofungua midomo. Mi niliingia mdomo ukiwa wazi tayari.

5. Kama ni lazima michezo, basi Zambia, ila muisome yote. Aprili 1993 ndege ya timu ya taifa ilianguka baharini karibu na Libreville, wachezaji 18 wakafa. Februari 2012 fainali ya AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, iko Libreville hiyo hiyo, Zambia wanacheza na Ivory Coast ya Drogba ambayo mashindano mazima haikuruhusu bao, Drogba mwenyewe akapaisha penati dakika za kawaida, wakaenda matuta, Zambia 8-7. Mnaishia hapo mnapiga haleluya. Lakini wale vijana kabla ya fainali walienda kwanza ufukweni kuweka maua, na kombe halikumrudisha hata mmoja kati ya wale 18. Ukihubiri Zambia ukaruka ule ufukwe umehubiri Leicester tena na jezi nyingine.

6. Na kwa ambaye hapindui meza yupo Akhwari wetu, John Stephen, mtoto wa Mbulu, sijui kwanini mnapanda ndege mpaka Uingereza wakati yupo. Marathoni ya Olimpiki Mexico City 1968, ameanguka, goti limetoka, limefungwa bandeji, anaingia uwanjani jua limezama, Mamo Wolde wa Ethiopia kashinda zaidi ya saa nzima iliyopita. Wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa akasema nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Isomeni na 2 Timotheo 4:7 kisha mkae kimya kidogo. Paulo kasema mwendo ameumaliza, hakusema alikua wa ngapi.

Niliihubiri hiyo miaka mitatu baada ya msiba, binti yuko ibadani. Alinipa mkono mlangoni kama wengine, akaenda zake mazoezi ya kwaya. Siku hizi yeye ndo anafundisha kwaya ya watoto. Na Jumapili alikua benchi la mbele, wakati mdogo wetu wa suti anapiga kelele za dakika ya tisini, nikamwona anawapanga watoto nota zao magotini, hakuinua kichwa.

7. Mengine madogo madogo: dakika ishirini zinatosha, chaji maiki kabla, soma mstari wa juu na wa chini ya unaoupenda, na nyumbani kwa mgonjwa kaa chini usisimame.

Zamu ya Jumapili ijayo ni ya mdogo wetu tena, nimeomba mimi. Aje Alhamisi na outline kabla ya mazoezi ya sifa, nitakua nje pale kwenye ngazi. Suti aje nayo ile ile.