Yuka: karata zikiwa nusunusu, uite turufu au upasi?

Anayetoka kwenye mchezo wa karata wa wahedi wa sitini na kukaa kwenye yuka (euchre), mchezo mwingine wa karata, huja na mazoea yanayomgharimu: anangoja aletewe turufu. Kule karata iliyofunuliwa ndiyo turufu, imekwisha. Huku turufu huitwa na mtu, na aliyeita ndiye anayebeba deni. Jioni za Juni hapa Mbeya, baridi ikishawafungia watu ndani, meza inajaa wageni, na wengi wao hupoteza kwa woga kuliko kwa pupa. Somo hili ni lao.

Vifaa ni vichache. Katika pakiti ya kawaida toa 2 hadi 8, zibaki karata 24, kuanzia 9 hadi A. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili, mwenzako akikaa mkabala nawe. Kila mtu anapata 5. Zinabaki 4, na ya juu yake inafunuliwa. Kuanzia kushoto kwa mgawaji, kila mtu ama anaita aina ya karata hiyo iwe turufu, mgawaji aichukue na kutupa nyingine, ama anapasi. Zile 5 nne mlizozitoa msizitupe: kila upande uchukue mbili za kuhesabia pointi hadi 10.

Ukiita na upande wenu ukala mizunguko 3 au 4 kati ya 5, mnapata pointi 1. Mkila yote 5, pointi 2. Mkishindwa kufika 3, wapinzani wanachukua 2. Yaani unaweka 2 rehani kutafuta 1. Ukiziacha pembeni zile mara chache za kula yote, inabidi ufaulu mara 2 kati ya 3 ndipo usipate hasara wala faida. Hapo ndipo mgeni anapoogopa na kupasi. Anasahau kwamba kupasi nako kuna bei: mpinzani akiita baada yako, pointi inaweza kwenda kwake. Mkono unaofaulu mara 6 kati ya 10 unakula hasara ukiuhesabu peke yake, lakini mara nyingi hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kunyamaza.

Sasa zijue turufu zenyewe. Ni 7: J ya aina iliyoitwa ndiyo kubwa kuliko zote, ya pili ni J ya aina nyingine yenye rangi hiyohiyo, tuiite J pacha, kisha A, K, Q, 10, 9. Kopa ikiwa turufu, J ya uru imehama na kuwa kopa, hivyo uru zinabaki 5 tu. Wageni hulisahau hili na kutupa J pacha kana kwamba bado ni uru.

Tazama mkono huu. Wewe ndiye uliyegawa, imefunuliwa 10 ya kopa, wachezaji wengine wote watatu wamepasi. Umeshika K na 9 za kopa, A na Q za shupaza, na 9 ya pau. Huna J hata moja. Mgeni anapasi. Chukua hiyo 10, utupe 9 ya pau. Sasa una turufu 3, na una aina mbili tu mkononi: pau au uru ikianzishwa, unakata. Turufu zilizobaki ni 4, nazo zimo katika karata 18 usizoziona, 3 kati ya hizo zikiwa zimelala mezani. Kwa wastani kila mchezaji mwingine ana turufu moja na kidogo, na mmoja wao ni wa upande wako. A ya shupaza ikila, turufu zako zikakata mara moja, mwenzako anadaiwa mzunguko mmoja tu. Lakini ukikosea ukatupa Q ya shupaza na kubakiza ile 9 ya pau, umejifungia mlango: pau ikianzishwa unalazimika kuifuata, na mzunguko umekwenda. Kwa mgawaji, turufu 3 pamoja na A ya pembeni ni mkono wa kuchukua.

Mkono huohuo ukiwa umekaa kushoto kwa mgawaji ni habari nyingine. Ukiagiza achukue, ile 10 inaenda kwa mpinzani, naye anapata nafasi ya kutupa karata mbovu. Hapo pasi, isipokuwa una turufu 3 nzito zenye J ndani. Ukiwa mwenzake mgawaji, turufu 2 nzuri na A ya pembeni zinatosha kumwagiza, maana karata inaingia nyumbani.

Wote wakipasi, karata inafunikwa na mzunguko wa pili wa kuita unaanza. Aina ile haiitwi tena. Kopa ikiwa imekataliwa, anayekaa kushoto kwa mgawaji aiangalie uru kwanza, hata kwa mkono mwembamba. Upande wa mgawaji ungekuwa na J nyekundu, huenda usingeikataa kopa. Basi J hizo zina nafasi kubwa zaidi ya kuwa kwenu au kulala mezani. Ukiwa na J ya kopa, 10 ya uru, A na K za pau na 9 ya shupaza, ita uru. Mwenzake mgawaji afuate kinyume chake: aelekee rangi nyeusi.

Ubao wa pointi nao una sauti. Mkiwa na 9 na wapinzani wana 6, wao ndio wanagawa, nawe wa kwanza kuita huna kitu cha kuwazuia, mwagize mgawaji achukue hata kama unajua utashindwa. Watapata 2, wafike 8. Ukipasi na mmoja wao akaenda peke yake, yaani akacheza bila mwenzake, akala mizunguko yote 5, ni pointi 4, wamefika 10 na mchezo umekwisha.