Tulihamia Kabla ya Dari

Usiku wetu wa kwanza Pongwe, huku Tanga, mvua ilinyesha. Ilikuwa Aprili, masika yenyewe, na nyumba haikuwa na dari. Ukilala chali unazihesabu kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Aliyewahi kuishi chini ya bati tupu anajua kwamba mvua ikikolea, mazungumzo yamekwisha. Nasi tulikuwa tumeapa kwamba usiku ule lazima tusali pamoja, maana ni kwetu. Mwenzangu akaanza. Nikaona midomo inacheza, sauti sisikii. Nilijua amefika Amina aliponibana mkono. Nikasali mimi, nikambana wake. Mtoto kalala katikati yetu, hana habari.

Mpaka leo tunasali hivyo, hata kiangazi.

Mabinti wa kwaya huniuliza: dada, miaka sita tu ya ndoa, mmewezaje kumaliza nyumba? Hatujamaliza. Tumehamia. Mambo mengi tuliyokuwa tukingoja yakamilike ndipo tuanze kuyaishi yaligoma kukamilika mpaka tulipoingia humohumo yalivyo. Nitawaeleza tulivyokwenda, na pale tulipokosea nitasema.

Habari ya harusi nitaipita mbio. Matangazo Jumapili tatu kanisani, send-off kwetu Muheza, ndoa Tanga mjini. Nina neno moja tu: msikope kwa ajili ya mapambo. Sisi tulilipa deni la mapambo miezi saba, na mapambo yenyewe yalishushwa usiku uleule.

Tukapanga chumba na sebule Makorora, kodi ya miezi sita mkononi. Nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo cha wote. Wakristo tulikuwa sisi peke yetu. Mafundisho ya ndoa ya mchungaji yalikuwa mazuri, lakini shule yangu hasa ilikuwa ule ua. Chumba cha mbele aliishi bibi mmoja wa Kidigo, tukimwita Bi Mkubwa. Wiki ya pili tu aliniita pembeni, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mkitaka kugombana, fungulieni redio kwanza." Niliona haya siku nzima. Redio tulinunua.

Mimi ni Mbondei, Anglikana wa Magila, kanisa la kengele na ubani. Mwenzangu ni Msambaa wa Lushoto, Mlutheri kutoka tumboni mwa mama yake. Watu walidhani tutagombania kanisa. Hilo tulilimaliza uchumba haujaisha: tutasali kwake kwa sababu ndiko kuna kwaya niliyoipenda, na Pasaka tutakwenda kwetu. Kilichotusumbua kilikuwa sala ya nyumbani. Tulianza kwa mbwembwe: daftari, ratiba ya kusoma Biblia, kuamka alfajiri. Saa ya simu ilitushinda, tukawa tunaamshwa na adhana ya msikiti wa jirani. Adhana ikiita, nasi tunaketi kitandani na Biblia yetu. Ilidumu karibu mwaka, na ninaikumbuka kwa mapenzi. Mtoto alipokuja alfajiri ikawa ndiyo saa pekee ya usingizi, ratiba ikafa.

Nilijilaumu sana. Mama mmoja wa jumuiya akaniuliza, "Kwani jioni mnakula saa ngapi?" Nikamwambia saa mbili. "Basi salini saa mbili na nusu, vyombo vikiwa bado mezani." Ndivyo tunavyofanya. Aya chache, maombi mafupi, dakika tano au sita, wakati mwingine sufuria la ugali lipo palepale. Vijana wenzangu, msianze na ibada ya saa nzima. Anzeni na kile mtakachokiweza siku mliyochoka.

Sasa fedha. Hapa ndipo tulipokaribia kuvunja redio.

Mume wangu ni mtu wa kutoa, nami ni mtu wa kuhesabu. Yeye alitaka fungu la kumi litoke kwenye mshahara kabla ya makato, mimi nilitaka baada. Tukaandika kiasi kimoja, tukakiweka kwenye bahasha kila mwisho wa mwezi kabla ya kitu kingine, mjadala ukafungwa. Sikuambieni ni kiasi gani. Kiwe chochote, mradi wote wawili mnakijua.

Kumbe nilikuwa sijaona. Jumapili moja kanisani kulikuwa na harambee ya ujenzi. Mimi nimekaa kwaya, upande wa sauti ya pili. Mwendesha harambee anapandisha watu mori, nikamwona mwenzangu anasimama. Mifuko kumi ya simenti! Watu wakapiga vigelegele, na mwenzangu wa kwaya akanigonga begani kunipongeza. Ndugu zangu, wakati ule msingi wetu wenyewe tulikuwa tunaununulia mifuko miwili kwa mwezi. Nilitabasamu kwa meno tu.

Njia nzima kwenye daladala sikusema neno. Nyumbani nilifungulia redio.

Ahadi ya kanisani hairudishwi, tuliilipa kwa miezi mitano, na muda wote huo msingi wetu uliota majani. Nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini nilikosea kwa kukaa na hasira wiki tatu huku naimba mbele ya watu kila Jumapili. Alikuja kuniomba radhi yeye mwenyewe, uani, Bi Mkubwa akijifanya anachambua mchele. Tukaweka sharti: mwenye kuahidi hadharani amtazame mwenziwe kwanza. Sasa harambee ikianza ananitazama kule kwaya. Nikijishika sikio, akae chini.

Tuje kwenye kiwanja. Tulipata cha mita 20 kwa 20, tukauziana mbele ya serikali ya mtaa na mashahidi. Karani akauliza, "Jina la mnunuzi?" Mume wangu akataja majina mawili. Karani akaacha kalamu, akamwuliza kama ana uhakika. Nilimpenda sana mume wangu dakika ile, kuliko siku ya pete.

Wengi wetu tunaona kuulizia majina ni kutokuwa na imani. Mimi nasema ulizeni mkiwa mnapendana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali ikiwa kwa jina la mmoja, itachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa ni yao sawa kwa sawa. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenye jina kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na kwa kina mama wenzangu mnaodhani hamna mchango kwa kuwa hamna mshahara: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ila mama yule alilazimika kufika mahakamani ndipo hilo lisemwe. Karatasi yenye majina mawili ingekuwa rahisi zaidi. Na si talaka tu. Nimekaa misiba ambayo arobaini haijafika, mashemeji wamekuja na futi kamba.

Ujenzi wenyewe, machache. Tulifyatua tofali palepale, za inchi sita, mfuko mmoja tofali thelathini. Fundi akikwambia mfuko mmoja utatoa hamsini, hiyo si nyumba, hicho ni kichuguu. Mchanga wa baharini usidanganyike nao hata ukipewa bure. Chumvi yake hula nondo na ukuta haukauki. Bati tulichukua geji 28 badala ya 30, maana namba ikipungua ndiyo bati linazidi unene, na hewa ya pwani haina huruma na bati jembamba. Fundi wa kupaua alichukua malipo ya awali akapotea wiki tatu. Simtaji, na fedha nyingine alizirudisha kwa kazi. Lipeni kwa hatua: kenchi zikisimama, lipa, bati likipigwa, lipa.

Mtoto alikuja nyumba ikiwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Baba ana haki kisheria ya likizo ya siku tatu zenye malipo ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na wababa wengi hawaziombi, wanaona aibu. Mume wangu aliziomba. Siku ya kwanza alifua nepi zote na dera langu jekundu kwenye karai moja, tukawa na nepi za waridi mpaka mtoto alipoacha kuzivaa. Sikumcheka. Nilimcheka kidogo. Mama yangu alikuja kutoka Muheza, na Bi Mkubwa akanikanda maji ya moto siku arobaini bila kuchukua hata senti.

Kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo tunavihifadhi bahasha moja na mkataba wa kiwanja. Chanjo za siku ya kuzaliwa, kisha wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, kisha surua miezi tisa: baba alizikariri kuliko mimi. Ubatizo tulitaka kuungoja tupate fedha ya sherehe. Mwezi wa kwanza ukapita, wa tano ukapita. Mwisho mama mkwe akapiga simu kutoka Lushoto: "Huyo mtoto anabatizwa au anaolewa?" Tukambatiza Jumapili iliyofuata. Chakula kilikuwa wali wa nazi, mbaazi na samaki wa kukaanga, watu kumi na wanne, juisi ya machungwa ya kwetu Muheza. Picha zake ndizo ninazozitazama mara nyingi kuliko za harusi.

Kuanzia hapo ndipo tukajiuliza: kwani nyumba nayo tunaingoja nini? Kodi ya miezi sita ilikuwa inakaribia tena. Tukaandika vitu ambavyo bila hivyo hatulali: paa, choo chenye shimo lililofunikwa, mlango wa mbele na wa nyuma, grili madirishani kwa sababu ya mtoto na wezi, na maji. Umeme tuliungoja miezi miwili mingine kwa taa ya sola. Vingine vyote, dari, vigae, rangi, plasta ya nje, tuliviandika ukurasa wa pili. Ninyi mkifanya hivi, andikeni kila mtu peke yake kwanza, kisha mlinganishe. Mimi sikuwa nimeandika mlango wa nyuma. Yeye hakuwa ameandika choo!

Kodi tuliyokuwa tukilipa Makorora sasa inanunua kitu kimoja cha ukurasa wa pili kila baada ya miezi michache. Hiyo ndiyo hesabu nzima, hakuna siri nyingine. Vumbi lipo, popo walikuwepo, na mtu akikohoa chumbani wa sebuleni anamwambia pole, maana juu ya kuta ni wazi. Kama mmoja wenu hawezi kabisa kuishi hivyo, msihamie. Dada mmoja rafiki yangu alimlazimisha mumewe, wakarudi kupanga baada ya wiki mbili, na maneno yale hayajaisha mpaka leo.

Mchungaji alikuja kubariki nyumba Jumamosi moja asubuhi. Wakaja jumuiya, wakwe kutoka Lushoto na mkungu wa ndizi na viazi, bibi yangu kutoka Magila, na Bi Mkubwa kwa daladala kutoka Makorora, amejifunga leso mpya. Zawadi yake aliifunga kwa gazeti: chetezo cha udongo na kopo la udi. Akaniambia, "Nyumba mpya hufukizwa."

Nikabaki nimekishika. Wakwe zangu Walutheri wanatazamana. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa kile kikohozi cha wazee. Nilijua nikikiweka pembeni namvunjia heshima mama aliyenikanda siku arobaini, na nikikiwasha nitasikia maneno hadi Krismasi. Bibi yangu, ambaye masikio yake husikia anachokitaka, akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akasema, "Moshi? Kwetu Magila padri anafukiza kanisa zima, nami sijafa." Akaomba kaa la moto kutoka jikoni.

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Akasema tumalize sala kwanza, kisha nyumba inukie. Tukaimba pambio, akaomba chumba kwa chumba, mimi na mume wangu tumeshikana mikono nyuma yake. Alipofika chumbani kwetu aliomba kwa muda mrefu kidogo kuliko vyumba vingine, sijui aliona nini. Kisha Bi Mkubwa na bibi yangu wakakaa kwenye mkeka na chetezo katikati yao, wakalinganisha magonjwa ya magoti hadi saa kumi.

Fundi wa dari anakuja Jumamosi hii. Fedha tuliyonayo inatosha jipsamu ya chumba kimoja. Mume wangu anataka sebule, maana Alhamisi ijayo jumuiya inasali kwetu. Mimi nataka chumba cha kulala, kwa kuwa mtoto amekua na anaanza kusikia. Redio iko mezani, bado haijafunguliwa.