Jibu: Mdogo wangu akibanwa na pumu usiku, nimlaze?

Pole dada. Hapana, usimlaze. Mkalishe wima, ainame mbele kidogo, viwiko vikae mezani au magotini, na mlegeze vifungo vya shingoni. Kama chumbani kuna jiko la mkaa au dawa ya mbu inafuka, mtoe humo kwanza.

Kisha inhela ya bluu, ile ya salbutamol. Ya kahawia ni ya kinga ya kila siku, haitamfungua muda huo. Itikise, umpe bonyezo moja kila baada ya sekunde 30 hadi 60, yasizidi 10.

Wengi hukosea hapa, dawa yote inaishia ulimini. Wangu mwenye pumu nampa dawa kupitia chupa ya maji ya nusu lita. Natoboa kitako, tundu la kuubana mdomo wa inhela, yeye anaziba shingo ya chupa kwa midomo. Nabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi mara nne au tano humo humo. Usicheke, inafanya kazi vizuri kama kile kifaa cha dukani cha kuvutia dawa, kinaitwa spacer.

Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, akianza kusinzia, au dawa isiposaidia, msingoje kupambazuke. Tafuteni gari, siyo bodaboda, maana njiani lazima aendelee kupewa dawa akiwa amekaa. Na ule mluzi wa kifuani ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, usidhani amepata nafuu. Hapo ndipo pabaya zaidi.