Simu, kiwavi na betri mbili: sayansi ya nyumbani kwa bando dogo

Mzazi anayetafuta sayansi ya watoto mtandaoni hakosi cha kupata. Shida ni wingi, na vingi katika hivyo mtoto huvitazama, akacheka, kisha akaomba kingine. Kipimo chetu ni kimoja: simu ikishazimwa, je, mtoto ana kitu cha kwenda kushika, kuhesabu au kuchungulia? Kama hana, hiyo ni burudani. Si mbaya, ila isihesabiwe kuwa somo.

Kwa kipimo hicho, tungeanza na Seek. Ni programu ya bure ya watu wa iNaturalist, mtandao wa kuwekea na kutambulia picha za viumbe, haidai akaunti wala barua pepe, na ukishaipakua inatambua viumbe hata bila intaneti. Mtoto anaelekeza kamera kwenye panzi au jani, na vitone saba vya juu ya skrini vinajaa kadiri programu inavyopata uhakika: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, mwisho spishi. Uainishaji ambao shuleni hukaririwa kama ngonjera hapa unaonekana ukifanya kazi.

Mara nyingi vitone vitaishia njiani, na ni vizuri kujua sababu. Ya kwanza ni picha. Mtoto husogeza simu hadi ikaribie kumgusa mdudu, wakati kamera nyingi za simu hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 au 10. Mwambie arudi nyuma kidogo, akuze picha mara mbili, aguse skrini pale mdudu alipo, na asubiri ukungu uondoke. Asubuhi na mapema wadudu wengi hawajachangamka na jua halijawa kali, kwa hiyo ndiyo saa nzuri ya kazi hii. Sababu ya pili ni mdudu mwenyewe: viwavi na buibui wengi hutofautishwa kwa viungo visivyoonekana bila hadubini. Ya tatu ni kwamba programu hujifunza kutokana na picha za watu, na zilizopigwa Marekani na Ulaya ni nyingi kuliko za Singida au Turkana. Ikikutajia kipepeo asiyeishi Afrika, shuka ngazi moja uamini jenasi au familia tu.

Kwa mimea, jani moja halitoshi. Piga ua, jani upande wa juu na wa chini, kisha tawi linaloonyesha kama majani yamekaa mawili mawili au yanapishana.

Halafu kuna mipaka isiyojadiliwa. Hakuna uyoga unaoliwa kwa sababu simu imesema ni salama. Na yule mdudu mwembamba mwenye rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye Wakenya humwita Nairobi fly na ambaye huongezeka baada ya mvua, asipondwe kwenye ngozi. Maji ya mwilini mwake ndiyo yanayobabua. Mpulize aondoke, kisha nawa kwa sabuni.

iNaturalist yenyewe, ambako picha hutazamwa na watu wanaojua viumbe, inataka mwenye akaunti awe na miaka 13 au zaidi. Kwa mdogo, akaunti iwe ya mzazi. Kabla ya kupandisha picha ya nyumbani, nenda kwenye mpangilio wa mahali uchague pafichwe: ramani itaonyesha nukta popote ndani ya eneo la takribani kilomita 22 kwa 22, si geti lenu.

Kwa fizikia, hatujaona cha bure kinachoizidi PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia. Ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini. Mengi yametafsiriwa, kwa hiyo tafuta Kiswahili katika orodha ya lugha. Usipokikuta, ya Kiingereza hutumika bila taabu kwa kuwa maneno ni machache. Pakua faili la jaribio mara moja, kisha ulirushe kwa bluetooth kwenye simu nyingine. Likifunguka jeupe tupu, usidhani limeharibika: simu imelifungua kwa kisomaji cha kawaida badala ya kivinjari. Lifungue upya kwa Chrome, na uigeuze simu ikae kwa upana.

Jaribio la sakiti ndilo lenye utamu. Betri ya humo ina volti 9 na balbu ina ukinzani wa omu 10, hivyo mkondo ni ampia 0.9. Ongeza balbu ya pili kwa mfululizo, mkondo unashuka hadi 0.45 na mwanga unafifia. Zipange sambamba, kila moja inawaka kama mwanzo na betri inatoa ampia 1.8. Mwache mtoto aunganishe waya mtupu toka ncha moja ya betri hadi nyingine aone moto wa shoti, kwa sababu huo hauunguzi mtu. Kisha tengenezeni kitu halisi mezani: betri mbili za tochi za volti 1.5, taa nyekundu ya LED, na rezista (kipande kinachopunguza mkondo) ya omu 100 kutoka kwa fundi redio. Mguu mrefu wa LED uelekee upande chanya. Isipowaka, asilimia kubwa ni kwamba imegeuzwa. Igeuze kabla ya kulaumu betri. Soketi ya ukutani haihusiki kabisa.

Usiku kuna Stellarium, programu ya ramani ya nyota. Simu ikionyesha nyota mahali pasipo, dira yake imepotea: toa kava lenye sumaku, kisha uizungushe hewani ukichora namba 8. Kuanzia Novemba, kundi la nyota la Kilimia huchomoza mashariki jua likizama, na kwenye programu kimeandikwa Pleiades. Mwambie mtoto ahesabu nyota zake kwa macho, wengi huishia sita, halafu akuze skrini aone alizozikosa.

Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, hutambua ndege kwa picha na kwa sauti. Pakua furushi la eneo lenu ukiwa kwenye Wi-Fi, kwani ni zito. Iweke simu chini badala ya kuishika, maana vidole vikisugua kava kelele yake humeza sauti ya ndege. Na msiwachezee ndege sauti walizorekodiwa ili waje. Huacha viota wakidhani kuna mvamizi.

Kwa wadogo wa chekechea haya yote ni mazito. Hao wape Akili and Me, na kaka na dada zao Ubongo Kids, vyote vya Ubongo ya Dar es Salaam, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kipindi kimoja, kisha nje.

Simu ikijaa, futa Merlin kwanza kwa sababu ya lile furushi. Faili za PhET ni ndogo, zihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu. Seek ibaki, ila futa picha inazoziacha kwenye simu, maana kiwavi mmoja anaweza kukuachia picha ishirini.