Rigoletto: anza na tendo la tatu

Ninyi mnaoanza kusikiliza opera, yaani tamthilia inayoimbwa, kosa langu msilirudie. Mimi nilianza na mkusanyiko wa nyimbo maarufu, nikawa naimba La donna è mobile (mwanamke ni kigeugeu) huku naosha vyombo, nikidhani ni wimbo wa raha tu. Wengi tumeingia kwa mlango huo. Wimbo umechakazwa na matangazo ya biashara, na mashabiki wa soka Uingereza wameuazima wakautia maneno yao.

Siku nilipoitazama Rigoletto yenyewe, opera ya Verdi yenye wimbo huo, mwili ulinisisimka.

Kijue kisa kwanza, hakuna utamu utakaopotea. Rigoletto ni kibiongo, mchekeshaji wa Duke, mtawala wa Mantua huko Italia. Duke anaharibu wake na mabinti za watu, Rigoletto anawacheka waume na baba zao. Mzee mmoja aliyeharibiwa binti anamlaani. Haupiti muda, Duke anamfikia Gilda, binti wa Rigoletto mwenyewe. Baba anakodi muuaji. Saa sita usiku anakabidhiwa gunia. Yuko tayari kulitupa mtoni, anajigamba, mara kwa mbali anasikia sauti ya yule yule anayedhani yumo guniani, inaimba kwa starehe: mwanamke ni kigeugeu, kama unyoya kwenye upepo.

Analifungua. Ni Gilda, hajakata roho bado. Alijua mpango, akavaa nguo za kiume, akagonga mlango ili achomwe kisu yeye badala ya Duke. Haya, kigeugeu hapo ni nani?

Kwa hiyo ushauri wangu: anza na tendo la tatu, yaani sehemu ya mwisho, ni kama nusu saa tu, na uhesabu. Wimbo unakuja mara tatu. Kwanza Duke anauimba akiwa kilabuni. Pili anauimba kivivu, usingizi unamchukua. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya gunia. Verdi hakuhitaji muziki wa kutisha pale. Alichukua ule ule mtamu akaubadilishia mahali.

Waimba kwaya, tegeni sikio wakati wa dhoruba. Ule upepo unaovuma ni sauti za wanaume walio nyuma ya jukwaa, wanaimba midomo imefumbwa. Nilirudia sehemu hiyo mara nne kabla sijaamini. Kabla yake kuna wimbo wa watu wanne, wawili ndani wanatongozana, baba na binti nje wanasikiliza, na kila mmoja ana maneno yake. Mara ya kwanza utasikia vurugu. Mfuate Gilda peke yake, kisha rudia umfuate mwingine.

Historia yake itakuja polepole. Victor Hugo aliandika tamthilia iliyozaa opera hii, ikapigwa marufuku Paris mwaka 1832 baada ya usiku mmoja, maana mhuni wa humo alikuwa mfalme wa Ufaransa. Waaustria waliotawala Venice nao waligoma kuiruhusu opera, ndipo mfalme akageuzwa Duke na ikaonyeshwa La Fenice, jumba la opera la Venice, tarehe 11 Machi 1851.

Na ukifika Mantua, watalii huonyeshwa nyumba ya Rigoletto, sanamu yake imesimama uani. Mtu hajawahi kuwapo, lakini nyumba anayo.