Re: Sindano ya seli shina inarudisha macho kweli?
Mkuu, kuhusu mama yako ambaye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imechoka na uzee, kwa kifupi bado. Tiba ya macho ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine, iliyopitishwa kweli ni Holoclar, Ulaya 2015, ila ile ni ya konea, kioo cha mbele kilichoungua kwa moto au kemikali, wanakata kipande kidogo mno kwenye sehemu ya jicho iliyo nzima, wanakuza seli maabara halafu wanazipandikiza. Retina ni habari nyingine, Japani walimpandikiza mgonjwa seli za retina 2014 na mpaka leo ni utafiti tu. Hao wanaotangaza kuchoma seli za mafuta ya tumbo machoni kaa nao mbali aisee, Florida wanawake watatu walichomwa sindano hizo kwenye macho yote mawili siku moja wakaishia upofu. Teknolojia ya nano, ya kutumia chembe ndogo mno, nayo ipo zaidi kwenye dawa za matone, chembe hizo zinasaidia dawa kupenya. Wakikwambia ni jaribio halafu wanadai hela, shtuka.